Drafti imepita bila jina lako: NFL kwa mlango wa uani, Canada, au UFL?

Raundi ya saba iliisha Jumamosi jioni na pilau ya dada yangu ilikuwa haijaguswa. Kwa siku tatu za drafti, zoezi ambalo timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huteua wachezaji wapya kutoka vyuoni, majina zaidi ya 250 yalisomwa kwenye televisheni, la mpwa wangu halikuwemo. Alikuwa amekaa sakafuni, kaegemea kochi, akijikanda kidole cha kati cha mkono wa kulia ambacho kimepinda tangu sekondari. Ni kidole cha mtu anayeishi kwa kudaka mpira. Haikupita dakika, simu iliyokuwa kwenye chaji ikaanza kutetemeka juu ya meza. Timu moja ya NFL, kisha nyingine, kisha wakala wake, na kila mmoja anataka jibu hapo hapo.

"Kaka," dada akaniuliza, "si wamesema hawamtaki? Mbona wanapiga simu?"

Wanapiga kwa sababu kambi ya mazoezi ya NFL inahitaji watu 90, na drafti huipa kila timu wachezaji wachache tu. Nafasi zilizobaki hujazwa kwa simu usiku huo huo, haraka kama tiketi za basi la mwisho. Usiku ule mezani kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuingia NFL bila kuchaguliwa, mlango wa uani. Ya pili, CFL, ligi ya Canada. Ya tatu, UFL, ligi ya Marekani inayochezwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Juni. Nimekaa na karatasi hizo tatu siku nyingi kuliko nilivyopanga, na ninaandika kwa ajili ya vijana na wazazi wengine wa Kiswahili waliotawanyika Marekani na Canada ambao watafikishwa kwenye meza kama ile.

Kwa aliyekulia kwenye soka: mpwa wangu ni mpokeaji, yaani yule anayesimama pembeni, anakimbia njia aliyochorewa kwenye daftari la kocha, na kudaka pasi ya kwotabeki, yule mrushaji mkuu wa mpira, huku beki akimning'inia begani. Anaweza kukimbia mara hamsini kwenye mechi na mpira ukamfikia mara tano.

Tunapima kwa nini

Mpwa wangu alianza na swali la kwanza la kila kijana: "Mjomba, ligi ipi ni kubwa?" Hilo halihitaji kikao. NFL ni kubwa kuliko hizo mbili zikiunganishwa na kuzidishwa. Swali lenye faida ni jingine: wewe leo umepungukiwa na nini? Pesa, video, au muda? Pesa inaeleweka. Video ni mechi za kweli zinazokuonyesha ukidaka mbele ya watu wazima wanaolipwa, kwa sababu hakuna kocha atakayekusajili kwa kusimuliwa. Muda ni miguu. Mpokeaji anaishi kwa kasi, na kasi ya miaka 23 huikuti tena ukiwa na 28.

Kwa hiyo njia zote tatu nitazipima kwa mambo yale yale: pesa inayofika mkononi, uwezekano wa kupata namba, mpira wenyewe unavyomtumia mpokeaji, mwili na matibabu, makaratasi ya uhamiaji, na mwisho ni njia ya kusonga mbele pamoja na uhai wa ligi yenyewe. Makaratasi hayapo kwenye makala za Wamarekani za aina hii. Kwetu sisi hayakwepeki.

Pesa inayofika mkononi

Mkataba wa NFL wa asiyechaguliwa huandikwa wa miaka mitatu na una tarakimu za mamilioni. Usipige vigelegele. Karibu yote hayana dhamana. Cha uhakika ni bonasi ya kumwaga wino na kiasi chochote kilichoandikwa wazi kuwa kimehakikishwa, na mara nyingi hicho ni kidogo. Ukibaki kwenye kikosi cha wachezaji 53, kima cha chini cha mchezaji mpya msimu wa 2025 kilikuwa dola 840,000, zikilipwa wiki kwa wiki kwa wiki 18. Hiyo ni zaidi ya dola 46,000 kwa wiki kabla ya kodi. Ukitemwa wiki ya tano, umelipwa wiki tano.

Kati ya kikosi cha 53 na kurudi nyumbani kuna kikosi cha mazoezi, wachezaji 16 wanaojifua na timu kila siku bila kucheza Jumapili. Mwaka 2025 mchezaji mpya huko alilipwa dola 13,000 kwa wiki. Anayemaliza wiki zote 18 anafikisha 234,000.

Canada, kima cha chini ni kama dola 70,000 kwa msimu. Dada alivutiwa na uhakika wake mpaka akauliza swali ambalo wakala hakulitegemea: "Hizo dola ni za nchi gani?" Ni za Canada, mama. Kwa viwango vya 2025 ni karibu dola 50,000 za Marekani. Wapokeaji wakongwe wenye majina huvuka 200,000, ila hapo unafika baada ya misimu kadhaa mizuri.

UFL ilipoanza mwaka 2024 ililipa dola 5,500 kwa wiki, na msimu ni mechi 10. Piga hesabu: 55,000. Kwa pesa tupu inafanana na kima cha chini cha Canada, ila umefanya kazi miezi michache badala ya nusu mwaka, na nusu nyingine unaweza kufundisha watoto au kuendesha teksi.

Hesabu iliyonishtua ni hii. Wiki nne tu za kikosi cha mazoezi cha NFL zinalipa kuliko kima cha chini cha msimu mzima wa Canada, na wiki tano zinapita msimu mzima wa UFL wa 2024. Ndiyo maana vijana wengi huchagua kukaa bila kucheza. Kama nyumbani kuna kodi ya nyumba inadaiwa au kuna wadogo wanaosomeshwa, sioni wa kuwalaumu.

Kumbuka wakala: NFL inamruhusu achukue hadi asilimia 3. Kodi za majimbo hufuata mechi unakochezea. Usinunue gari Agosti.

Kupata namba

Kambi ya NFL huingia na wapokeaji kumi au kumi na wawili. Mwisho wa Agosti hubaki watano au sita kwenye kikosi cha 53 na wawili hivi kwenye kikosi cha mazoezi. Wanne wa juu wanajulikana kabla kambi haijafunguliwa, kwa sababu timu imekwisha kuwalipa au imetumia nafasi ya drafti kuwapata. Mwenye mkataba wa bei rahisi ndiye anayetemwa kwa urahisi, maana kumtema hakumgharimu mtu kitu.

Wako waliopenya. Rod Smith hakuchaguliwa na mtu. Akamaliza Denver na yadi 11,389 alizoipatia timu kwa kudaka, wa kwanza kuvuka 10,000 kati ya wapokeaji wasiochaguliwa. Wes Welker alitemwa na timu yake ya kwanza mwaka 2004, baadaye New England akadaka zaidi ya mara 100 katika misimu mitano. Victor Cruz aliingia bila drafti mwaka 2010, mwaka uliofuata akawa na yadi 1,536 na pete ya ubingwa. Lakini majina haya tunayakumbuka kwa sababu ni machache.

Wa kumtazama kwa makini ni Adam Thielen, na sisemi hivi kwa sababu tu naishi Minnesota. Alitoka chuo kidogo cha Mankato, mwaka 2013 akaja Vikings, timu ya NFL ya huku, kwa majaribio ya wikiendi, hata mkataba hakuwa nao. Mwaka mzima akawa kwenye kikosi cha mazoezi. Miaka miwili iliyofuata alidaka mipira 20 tu. Kilichombakiza ni kikosi cha mateke, yaani zile nyakati timu inapopiga mpira kwenda kwa wapinzani na mtu anatakiwa kukimbia yadi 50 kwenda kugonga au kugongwa. Msimu wa 2017 alidaka mara 91 kwa yadi 1,276. Ukiniuliza mpokeaji asiyechaguliwa afanye nini kambini, nitasema ajifunze kukaba kwenye mateke kabla hajajifunza namna ya kushangilia.

Canada hali inategemea pasipoti, na hili wazazi wengi hawalijui. Timu ni tisa tu, na karibu nusu ya kikosi lazima iwe ya wachezaji wanaohesabiwa kuwa wa Canada. Kijana aliyetoka Marekani anagombea nafasi chache pamoja na wenzake waliotemwa NFL, ambao si watoto. Juu ya hilo, kila timu ya CFL ina orodha ya majina inayoyamiliki kwa mazungumzo. Ukiwa kwenye orodha ya Regina, huwezi kwenda kuongea na Toronto. Kwa mpwa wangu, aliyezaliwa Marekani, hili lilikuwa pigo. Ila kwa kijana aliyeletwa na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi hadi Winnipeg au Edmonton akiwa mdogo, mambo yanageuka kabisa. Akiwa raia wa Canada anaposaini mkataba wake wa kwanza, au akiwa ameishi huko jumla ya miaka mitano kabla ya kutimiza 18, anahesabiwa mwenyeji, na sheria inaipa kila timu sababu ya kumtafuta. Kuna drafti yao kabisa kwa ajili hiyo.

UFL timu nane, na wote humo wako kwenye mashua moja: wametemwa, wamesahauliwa, au wanarudi kutoka kwenye majeraha. Hakuna nyota wa dola milioni 30 aliyekaa juu yako. Nafasi ya kuanza kucheza ni kubwa kuliko NFL kwa mbali, lakini ukikosa mechi mbili umekosa sehemu ya tano ya msimu.

Mpira wenyewe

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda Canada, na nakiri nilikuwa naidharau.

Uwanja wao ni mpana, yadi 65 dhidi ya 53 na ushei za NFL. Urefu ni yadi 110. Timu ina watu 12 badala ya 11. Muhimu kuliko yote, timu inapewa majaribio matatu tu ya kupata yadi 10 badala ya manne, na kwa kuwa la tatu mara nyingi ni la kupiga teke, mpira unarushwa sana. Kisha kuna raha ambayo mpokeaji wa Marekani haijui: anaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstarini kabla mpira haujachezwa. Beki amesimama, wewe unakuja tayari una kasi. Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza alicheka peke yake kama mtu aliyepata chenji iliyozidi.

Kuielewa ligi ile, mwangalie Milt Stegall. Alikaa Cincinnati miaka mitatu NFL bila jina kubwa, goti likamwangusha, mwaka 1995 akaenda Winnipeg. Akabaki hapo misimu 14 na kumaliza na tachidauni 147, yaani mara 147 aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na yadi zaidi ya 15,000. Tarehe 20 Julai 2006 walikuwa Edmonton, nyuma 22 kwa 19, sekunde nne zimebaki, mpira uko kwenye yadi yao ya 10. Watu wameanza kutoka uwanjani. Kwotabeki Kevin Glenn akaurusha mbali, Stegall akaudaka akiwa mbele ya walinzi na kukimbia mpaka mwisho. Yadi 100 kwa mchezo mmoja, muda umekwisha, 25 kwa 22. Alikuwa na miaka 36. Huyo hakuwa mtu aliyekuwa akisubiri simu ya NFL. Hapo palikuwa nyumbani kwake, na hakuwahi hata kutwaa kombe lao.

Jambo moja la kuzingatia: mwaka 2025 CFL ilitangaza kwamba kuanzia 2027 uwanja utafupishwa hadi yadi 100 na milingoti ya goli itasogezwa nyuma kabisa. Wenyeji wamelalamika sana. Kwa kijana anayetaka kurudi Marekani siku moja, video zake zitaeleweka kwa urahisi zaidi kwa makocha wa huku.

UFL inacheza mpira unaofanana na wa NFL, watu 11, majaribio manne, uwanja ule ule. Skauti hahitaji kutafsiri chochote. Na kwa kuwa NFL imepumzika majira hayo, macho yapo.

Kwenye NFL yenyewe, asiyechaguliwa asitegemee kurushiwa mpira. Ana mechi tatu za maandalizi mwezi Agosti, tena robo ya nne, na kwotabeki wa tatu ambaye naye anapigania ajira. Nimeona kijana akikimbia njia safi kabisa, beki kaachwa nyuma, mkono juu, na pasi ikaenda kwa wapiga picha. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake.

Mwili na matibabu

NFL ina mechi 17 za msimu na watu wakubwa, wenye kasi kuliko wote duniani. Kikosi cha mateke, ambacho nimetoka kukisifia, ndicho chenye kugongana kwa mwendo mkali, ingawa sheria mpya ya 2024 imepunguza umbali wa watu kukimbiliana. Ukiumia kambini timu inaweza kukuweka kwenye orodha ya majeruhi au kukulipa fidia na kuachana nawe. Faida kubwa iko mbali: ukifikisha misimu mitatu inayohesabika, unapata haki ya pensheni na bima ya afya ya miaka mitano baada ya kustaafu. Msimu unahesabika ukiwa kwenye kikosi cha 53, au kwenye orodha yake ya majeruhi, kwa mechi tatu au zaidi. Nimewaona watu wakidharau pensheni wakiwa na miaka 22. Mama zao hawakuidharau.

CFL ni mechi 18, na uwanja mpana maana yake miguu inafanya kazi zaidi. Soma kifungu cha majeraha: matibabu yanalipwa kwa muda gani baada ya mkataba kuisha, na yakifanyiwa Marekani nani analipa. UFL ni mechi 10, mwili unachakaa kidogo. Hatari yake ni pale unapofanikiwa, kwa sababu msimu unaisha Juni na kambi za NFL zinafunguliwa Julai. Unaingia kambini ukiwa umekwisha kucheza.

Makaratasi

Ukiwa raia wa Marekani, ruka sehemu hii mpaka aya ya mwisho.

Mwenye grini kadi anayesubiri uraia aichunguze Canada kwa kalamu mkononi. Kambi yao huanza Mei na kombe huchezwa Novemba. Hiyo ni karibu miezi sita, na kukaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo huleta maswali juu ya ukaazi wako unapoomba uraia. Tena utatakiwa uwe umekuwemo nchini angalau nusu ya miaka mitano. Wiki za mapumziko zipo, rudi nyumbani, tunza tiketi za ndege. Aliye na hadhi ya ukimbizi asivuke mpaka bila hati ya kusafiria ya mkimbizi. Na aliyesoma kwa visa ya mwanafunzi asidhani anaweza kuchezea timu ya kulipwa hivi hivi, iwe NFL au UFL. Kibali cha kazi ni lazima. Mwanasheria wa uhamiaji alipwe kabla ya mkufunzi wa mbio.

Hata raia: Canada inaweza kumzuia mpakani mtu aliyewahi kukutwa na hatia ya kuendesha gari akiwa amelewa. Kama kuna kesi ya namna hiyo, mwambie wakala leo, asije kuisikia mpakani.

Njia ya kusonga mbele, na ligi itakuwepo kesho?

Kwenye kikosi cha mazoezi cha NFL una bahati moja isiyoandikwa kwenye magazeti: timu nyingine yoyote inaweza kukuchukua, lakini lazima ikuweke kwenye kikosi chake cha 53, na ikulipe angalau wiki tatu. Majeraha ya wengine ndiyo ajira yako. Inasikitisha lakini ndivyo ilivyo.

Kutoka Canada kurudi NFL kunawezekana. Joe Horn alikuwa Memphis mwaka 1995, enzi CFL ilipojaribu kufungua matawi Marekani, mwaka uliofuata akachaguliwa na Kansas City, baadaye akawa nyota wa New Orleans. Siku hizi wanaorudi kwa kupokea tu ni wachache; wenye kurudisha mateke, yaani kudaka mpira uliopigwa teke na wapinzani na kukimbia nao kuelekea kwao, wana mlango mpana zaidi. Kwa uhai wa ligi, CFL ipo tangu 1958 na kombe lake, Grey Cup, tangu 1909. Iliteleza mwaka 2020, msimu mzima ukafutwa kwa sababu ya korona, na wachezaji wakakaa nyumbani.

UFL ilizaliwa 2024 kutokana na ndoa ya ligi mbili ndogo, XFL na USFL, na ukoo huo una historia ya vifo vya utotoni. XFL ya kwanza ilidumu msimu mmoja, 2001. AAF ilikufa 2019 kabla ya kumaliza msimu. XFL ya pili ilifilisika Aprili 2020. Lakini daraja lake ni fupi kuliko yote. KaVontae Turpin, mrudishaji mateke na mpokeaji mdogo wa umbo, alikuwa mchezaji bora wa USFL mwaka 2022. Julai akasaini Dallas. Agosti, kwenye mechi moja ya maandalizi, akarudisha mateke mawili kwa tachidauni, yadi 98 na yadi 86. Msimu ule ule akaitwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi.

Nani aende wapi

Una mwaka wa kucheza chuoni uliobaki? Usije huku kwanza. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kwa mpokeaji mzuri wa chuo kikubwa, mwaka huo unaweza kuzidi misimu kadhaa ya UFL.

Umepungukiwa na pesa, mwili mzima, na unajua kukaba kwenye mateke: nenda NFL, hata kama ni kwa kikosi cha mazoezi. Lakini chagua timu kwa kuhesabu wapokeaji waliopo na si kwa rangi ya jezi. Timu iliyochagua watatu kwenye drafti mwaka huo inakuita ukawe mwili wa mazoezi.

Umetoka chuo kidogo, au ulikosa msimu kwa jeraha, na hakuna video ya maana: UFL inakufaa zaidi kuliko kukaa miezi kumi ukisubiri simu. Panga kodi ya nyumba kana kwamba ligi haitakuwepo mwakani.

Unahesabiwa mwenyeji wa Canada: anza na Canada, au angalau uitumie kama ngao mazungumzoni. Hata kama NFL inakuita, mlango wa Canada haufungwi haraka.

Wewe ni Mmarekani unayependa kudaka kuliko kuwa maarufu, na hujali baridi ya Regina mwezi Oktoba: Canada, kwa masharti kwamba makaratasi yako hayatavunjika. Wapo walioenda kwa msimu mmoja wakaoa huko.

Una shahada na kazi inayokusubiri, na goti linakuamsha usiku: hiyo ni njia ya nne, na haina aibu. Mjomba mmoja kanisani kwetu aliita "kustaafu ukiwa na meno yote".

Na kama simu inalia sasa hivi na unasoma huku mtu anasubiri jibu, muulize mambo manne kabla hujasema ndiyo. Wapokeaji wangapi wako mbele yangu kwenye orodha? Kiasi gani kimeandikwa kuwa na dhamana? Nani alirudisha mateke kwenu mwaka jana, na bado yupo? Nikiumia wiki ya pili ya kambi, nani analipa daktari na mpaka lini? Mpwa wangu aliyasoma manne hayo kwenye bahasha ya bili ya umeme. Mtu wa timu ya kwanza alijibu mawili. Wa timu ya pili alijibu yote, na akaongeza kwamba mrudishaji wao wa mateke amekwisha kuondoka.

Pilau tukaila imepoa.